Mtoto Aliliaye Wembe

Wahenga walisema: mtoto akililia wembe, mpe. Wengine huongeza neno la pili, nalo ni kali zaidi: umkate. Maana yake ni kwamba maumivu ni mwalimu aelewekaye upesi kuliko mzazi mwenye maneno mengi. Nimeisikia methali hii ikitajwa barazani, kanisani na katika chumba cha walimu, wala sijapata kumsikia mtu akiipinga. Leo nataka kuipinga, msomaji wangu. Si kwa kuwa ni ya uongo, bali kwa kuwa ina mpaka wake, na wengi wetu huuvuka mpaka huo bila kuuona.

Sababu ya kuandika ni swali nililoulizwa na ndugu yangu mdogo. Yeye ni mkulima wa viazi na vitunguu karibu na Nanyuki, na ana cheti cha kumiliki bunduki. Katika shamba la rafiki yake watu wachache hukutana siku za Jumamosi kulenga sahani. Chombo chenye springi hurusha sahani hewani, nayo ni ndogo, upana wake kama sentimita 11. Na mlengaji huifuata kwa mtutu na kuivunja kabla haijaanguka. Watu huziita sahani za udongo, ingawa siku hizi hufanyizwa kwa lami na unga wa chokaa. Binti yake wa miaka 12 alikwenda kutazama mara mbili, na mara ya tatu akaomba kufundishwa. Ndugu yangu akanijia Nyeri, akaketi jikoni kwangu, akasema, "Mwalimu, wewe umesomea mambo ya watoto. Nimchagulie bunduki gani?"

Nilitambua mara moja kwamba aliniuliza maswali mawili kwa maneno ya swali moja. La kwanza lahusu bunduki, na la pili lahusu mtoto. Nitaanza na lile jepesi.

Bunduki inayotumika katika mchezo huu ni ya marisau, yaani ile inayotapanya chembe nyingi ndogo za risasi. Mitutu yake hupimwa kwa hesabu ya zamani: kipimo cha 12 maana yake ni kwamba gololi 12 za risasi, kila moja yenye upana wa mtutu ule, hutimiza uzito wa ratili moja. Kwa hiyo kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo mtutu unavyokuwa mwembamba. Kipimo cha 20 ni chembamba kuliko cha 12. Iko na nyingine nyembamba zaidi iitwayo 410. Mzazi asiyejua hudhani kwamba mtoto mdogo apewe bunduki ndogo kabisa, na hapo hukosea mara mbili. Kwanza, bunduki nyembamba hubeba marisau machache, hivyo ni vigumu kuivunja sahani kwayo; mtoto hukosa, hukosa tena, na moyo wake huvunjika kabla ya sahani. Pili, risasi moja ikifyatuliwa katika bunduki nyepesi hupiga teke kali begani kuliko ikifyatuliwa katika bunduki nzito. Uzito unaomlemea mkononi ndio unaomlinda begani. Kilicho chepesi kubeba si lazima kiwe chepesi kuvumilia.

Lililo kubwa kuliko yote ni kwamba bunduki imwenee mtoto. Kitako kikiwa kirefu, atapinda mgongo nyuma kama mbebaji wa gunia, na teke litampata pasipostahili. Mafundi wenye busara hukata kipande cha kitako, wakakihifadhi, kisha hukirudisha kadiri mtoto anavyorefuka. Ndugu yangu aliponieleza jambo hilo alinyamaza ghafula, nami nikanyamaza, kwa maana sote wawili tulikumbuka panga.

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa, kijijini kwetu Tetu, babu yetu, ambaye sisi Wakikuyu humwita guka, alinipa panga langu la kwanza. Halikuwa jipya. Lilikuwa panga kuukuu lililoliwa na kinoo miaka mingi. Guka akalifupisha, akachonga mpini mpya uliotoshea ngumi yangu. Kabla ya kunipa, alinifanya nilichukue muda wa mwezi mzima bila kukata hata jani moja. Kazi yangu ilikuwa kulibeba ncha ikielekea chini, kutembea nyuma yake kwa hatua tano, na kulirudisha mahali pake kila jioni. Hapo ndipo aliponiruhusu kukata majani ya ng'ombe. Nakuambia, msomaji, sikuwahi kujikata. Mkono wangu ulifundishwa vyema kuliko mikono ya watoto wote wa kijiji kile.

Siku moja ndugu yangu, aliyekuwa na miaka sita, aliniomba panga hilo. Nilijua jibu lililonipasa. Lakini watoto wenzetu walikuwa wakitazama, nami nilitaka waone kwamba mimi ndimi mwenye mali, mwenye uwezo wa kutoa na kunyima. Nikampa. Alikata mara moja, na mara ya pili akajikata ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Mpaka leo kidole hicho ni kifupi. Nilikuwa nimefundishwa kila kitu juu ya panga, wala sikuwa nimefundishwa kusema la.

Sasa rudi nami kwenye methali. Mtoto akililia wembe, mpe, umkate. Methali inadhani kwamba aliyelilia wembe ndiye atakayekatwa. Inadhani kwamba mwenye kutenda kosa na mwenye kulilipia ni mtu mmoja. Pale mambo yanapokuwa hivyo, sina ugomvi nayo: mtoto aliyeshika sufuria ya moto baada ya kukatazwa amepata somo, na bei yake ameilipa mwenyewe. Lakini panga langu halikunikata mimi. Lilimkata ndugu yangu. Na bunduki imepita panga kwa umbali wa hatua nyingi. Aishikaye husimama huku, na aumiaye husimama kule, pengine hata hajui kwamba kuna bunduki. Basi huo ndio mpaka wa methali: pale ambapo bei ya kosa hulipwa na mwingine, hatuna haki ya kuyaachia maumivu kazi ya ualimu. Damu ya jirani si ada ya shule ya mwanangu.

Huenda ukasema: kama ni hivyo, mtoto asiguse bunduki kabisa, na shauri limekwisha. Neno hilo lina uzito, na hapa kwetu lina uzito zaidi kuliko penginepo. Katika misitu ya Nyandarua na ya Mlima Kenya, tangu hali ya hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, wapiganaji wa uhuru walijitengenezea bunduki kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na vipande vya mpira, na baadhi ya bunduki hizo ziliwapasukia mikononi. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, akahukumiwa hapa mjini Nyeri, na kosa aliloshtakiwa lilikuwa kupatikana na bastola na risasi. Akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Guka alikuwa kijana siku hizo. Hakulitamka neno bunduki nyumbani mwake. Aliposhurutika kulitaja alisema "kile kitu". Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia kwamba kulenga ni mchezo tu.

Hata hivyo naona kwamba kukataza peke yake hakutoshi. Katika nyumba ya ndugu yangu bunduki imo tayari. Mtoto anajua kabati lake, anajua siku inapotolewa, na huenda anajua ufunguo ulipo. Mtoto asiyejua kitu ambacho kimo nyumbani mwao hakulindwa. Amefichwa tu, na kinachofichwa huamsha hamu. Lazima kabati lifungwe, na risasi zikae mbali na bunduki. Lakini kufuli hulinda mlango, hailindi moyo.

Hapa Nyeri, katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro, wamelala watu wawili ambao maisha yao yanaweza kutusaidia kufikiri. Mmoja ni Jim Corbett, aliyezaliwa India mwaka 1875, akahamia Kenya mwaka 1947 na kufariki Nyeri mwaka 1955. Katika kitabu chake cha mwaka 1953, Jungle Lore, anaeleza kwamba bunduki aliyoazimwa utotoni ilikuwa kuukuu, yenye mitutu miwili, na mmoja umepasuka, tena imefungwa kwa waya wa shaba. Mimi singempa mtoto bunduki iliyopasuka, wala wewe usimpe. Lakini ona jambo moja: mwenye mtutu mmoja tu wa kutumainiwa hawezi kufyatua ovyo. Upungufu wa chombo ulimpa muda wa kufikiri. Mtu huyo alijulikana kwa kuwaua simba-marara waliokula watu, na baadaye akapenda zaidi kuwapiga picha wanyama kuliko kuwapiga risasi.

Wa pili ni Baden-Powell, aliyefariki Nyeri mwezi wa Januari 1941. Alikuwa askari, na ujuzi wa upelelezi aliupata vitani. Alipoandika kitabu chake cha vijana mwaka 1908, alichukua katika ujuzi huo kutazama, kunyamaza, kusoma nyayo na kutii, akavifanya kuwa malezi ya watoto wakati wa amani. Kumbe mengi yaliyo mema katika kazi ya silaha yaweza kufundishwa bila silaha.

Mchezo wenyewe pia umesafiri katika njia hiyo. Katika michezo ya Paris ya mwaka 1900 kulikuwa na shindano la kulenga njiwa walio hai; leo mahali pa njiwa ni sahani. Na nchini Kenya uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwaka 1977. Sahani haina mama wala haitoki damu. Lakini tusijidanganye: kilichobadilika ni shabaha, bunduki ni ile ile. Mtutu haujui tofauti ya sahani na kichwa cha mtu. Ajuaye ni mtoto, na kama hajui, hakuna ajuaye.

Basi nilimjibu ndugu yangu hivi. Nilimwambia kwamba umri si kipimo, ingawa watu hupenda kuuliza umri kwa kuwa ni rahisi kuhesabu. Wala nguvu za mkono si kipimo. Vipimo ni vitatu. Cha kwanza, je, mtoto huyu huungama kosa kabla hajaulizwa? Kwa maana risasi iliyosahauliwa ndani ya mtutu huweza kumwua mtu kwa sababu ya haya ya mtoto mmoja. Cha pili, je, huweza kuacha jambo alipendalo pale anapoambiwa acha, papo hapo, bila kujibizana? Cha tatu, nacho ndicho kigumu kuliko vyote, je, huweza kumwambia mwenzake la, mbele ya wengine, na kuvumilia kuchekwa?

Akivishinda vipimo hivyo, aanze kama nilivyoanzishwa mimi: aichukue bunduki tupu, imefunguliwa ili kila mtu auone utupu wake, mtutu ukielekea chini, kidole mbali na kifyatuo, kwa majuma mengi, bila risasi hata moja. Aiheshimu kila bunduki kama imejaa, hata ile aliyoiona tupu sasa hivi. Masikio na macho yake yafunikwe. Na hata akiwa mlengaji hodari, isiitwe bunduki yake. Sheria ya nchi yetu hairuhusu mtu kuwa na bunduki bila cheti, na cheti kile ni cha baba. Siku likitokea la kutokea, polisi hawatamwuliza binti.

Ndugu yangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka mkono wa kushoto mezani, kidole kifupi kikiwa juu, akasema kwa upole, "Na akishindwa kipimo cha tatu? Wewe ulishindwa, na ulikuwa mtoto mwema."

Swali hilo lilinikaba, kwani ni kweli. Nilimjibu kwamba mtoto mwema anaweza kushindwa, na ndiyo sababu mzazi hapaswi kuwa mbali hata siku moja. Siku ile ya panga guka alikuwa amekwenda sokoni. Alikuwa amenifundisha mkono, akadhani amenifundisha mtu mzima. Ndugu yangu aliondoka bila kununua bunduki, wala hakusema kwamba hatainunua. Binti anaendelea kwenda shambani Jumamosi. Kazi yake kwa sasa ni kuhesabu sahani zilizovunjika, na kuwaambia wakubwa wanaosogea mbele ya mstari warudi nyuma. Nasikia husema kwa sauti kubwa, nao hurudi.

Wewe unayesoma, huenda hutashika bunduki maishani mwako. Lakini utashika usukani wa pikipiki yenye abiria, utashika ufunguo wa stoo ya shule, utashika siri ya rafiki. Kila kimoja ni wembe ambao makali yake yaweza kumwangukia mwingine. Kabla hujaulilia, jiulize ni nani atakayekatwa. Ukiona kwamba si wewe, ngoja kidogo, ujifunze kwanza kusema la.