Je, Hiari Yaweza Kuwa Wajibu?

Watu wengi hudhani kwamba wajibu na hiari havikai nyumba moja. La wajibu, husema, ni lile ambalo tukiliacha tutaulizwa. La hiari ni lile ambalo tukiliacha hapana wa kutuuliza. Sisi hatukubaliani na kauli hiyo, na ili kuipima tumechagua mfano ulio mbali na ubao na chaki, nao ni wa rubani.

Nchini Marekani hati ya urubani, mtu akishaipata, haina tarehe ya kwisha. Hata hivyo, rubani wa ndege ndogo za binafsi hana ruhusa ya kuendelea kuruka mpaka apimwe na mkufunzi kila miezi 24, kwa muda usiopungua saa moja ya masomo ya ardhini na saa moja ya angani. Tena, akitaka kuchukua abiria, sharti awe ameruka na kutua mara tatu katika siku 90 zilizotangulia. Akiruka peke yake, sharti hili la pili halimhusu. Hapa sheria imefanya falsafa bila kujitapa, kwani imemtenga anayehatarisha roho yake na anayehatarisha ya mwenziwe.

Lakini saa mbili katika miaka miwili ni kima cha chini kabisa. FAA, idara ya serikali inayosimamia usafiri wa anga nchini humo, ina mpango uitwao WINGS, yaani Mabawa, ambao rubani hujiunga nao kwa hiari yake. Huhudhuria masomo ya usalama, kisha huruka na mkufunzi kufanya mazoezi yaliyopangwa. Akimaliza hatua moja, huhesabiwa kuwa ametimiza kipimo cha miezi 24. Atasema mtu kwamba hiari yenye ujira si hiari. Labda, ila ujira huu hauwezi kuwa ndio sababu, madhali kipimo chenyewe kingalimgharimu jasho dogo zaidi.

Kwa nini basi ajisumbue? Kwa sababu ujuzi huondoka bila kuaga. Njaa hujitangaza na kutu huonekana, bali ujuzi ukitoweka huacha nyuma kumbukumbu ya kwamba tuliwahi kuwa nao, nasi tukaidhania kumbukumbu hiyo kuwa ndio ujuzi wenyewe. (Walimu wenzetu watakuwa wamekwisha kukumbuka vyeti vingine visivyo na tarehe ya kwisha.)

Unaotoweka upesi ni ule unaopingana na maumbile. Ndege ikiinua pua kupita kiasi, mabawa hushindwa kuibeba, ikaanza kuanguka. Dawa yake ni kuishusha pua. Ilhali mwili wa mwanadamu, ukihisi kuanguka, hutaka kuivuta juu. Tarehe 1 Juni 2009 ndege ya Air France iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilipotelewa na vipimo vya mwendo kwa sababu ya barafu, na mtambo wa kujiongoza ukajizima. Pua iliinuliwa, na ndege ikaanguka baharini na watu 228. Marubani wale walikuwa wa shirika kubwa, wenye hati halali. Wachunguzi walisema hawakuwa wamezoezwa kuiongoza ndege kwa mikono katika kimo kile.

Basi deni la rubani huyu wa hiari ni la nani? Twaona ni la abiria, kwa kuwa abiria hawezi kuukagua ujuzi anaoukabidhi roho yake. Palipo na imani isiyoweza kujihakikishia, pana wajibu, hata pasipokuwa na msimamizi.

Linabaki gumu moja. Wanaokuja kwa hiari aghalabu ndio wenye haja ndogo; aliyesahau kwamba amesahau habishi hodi. Je, walazimishwe? Hatushauri hivyo kwa wepesi. Kwenye mtihani mtu huficha udhaifu wake, bali kwa mkufunzi aliyemwendea mwenyewe huweza kusema, “Hili limenitoka.” Lakini shurti au hiari, katika ndege ndogo abiria aghalabu ni mke, mtoto au rafiki wa rubani, naye hupanda na kufunga mkanda bila kumwuliza mara ya mwisho alifanya mazoezi lini.