Ahadi ya Mashine Nayo Ni Deni

Wanangu mnaojifunza kuandika programu na kuunda vifaa, kila nikiwasikiliza mnabishana kuhusu kasi: chipu ipi mpya, simu ipi ina kumbukumbu kubwa, lugha ipi inakimbia kuliko nyingine. Bishaneni, ni haki yenu. Lakini kasi ni ya msimu mmoja. Mashine zilizotamba miaka ya 1960 na 1970 nyingi ziliishia kwenye chuma chakavu na chache ziko makumbusho, ilhali mapatano yaliyoandikwa kwa ajili yake yangali yanaendesha kazi hadi leo. Kwa hiyo nasaha yangu ni moja: angalieni sana mnachokiahidi. Sehemu za ndani ya kazi yenu mtazibadilisha mtakavyo. Ahadi mliyowapa wengine, nao wakajenga juu yake, hamtaibadilisha kirahisi. Ahadi ni deni, na katika mashine mara nyingi deni hilo hulipwa na watu ambao hawakuwapo lilipokopwa.

Nitawafundishia kwa mashine mbili za Marekani. Moja ni PDP-11 ya kampuni ya Digital Equipment ya Maynard, Massachusetts, iliyotoka mwaka 1970. Ya pili ni System/360 ya IBM, iliyotangazwa tarehe 7 Aprili 1964. Ile ni minikompyuta, ya kutosha kwenye kabati. Hii ni menfremu, ya kujaza ukumbi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, kwa hiyo tuiname.

Anzeni na kumbukumbu yenyewe. Kabla ya chipu, kumbukumbu ilikuwa wavu wa nyaya nyembamba uliotungwa vipete vya feraiti mfano wa ushanga, mara nyingi kwa mikono ya wanawake viwandani. Kila kipete kilishika biti moja kwa mwelekeo wa usumaku wake. Jay Forrester na wenzake wa MIT waliikomaza mbinu hii kwa ajili ya kompyuta ya Whirlwind, wakaifunga mwaka 1953. Ukitaka kipete kimoja kati ya maelfu, unapitisha nusu ya umeme unaohitajika kwenye waya wa mlalo na nusu nyingine kwenye waya wa wima. Kile kilicho kwenye makutano ndicho pekee kinachopata umeme wa kutosha kugeuka. Kusoma ni kukilazimisha kiwe sifuri. Kama kilikuwa moja, kitageuka, na waya mwingine uliopita katikati yake utahisi mshtuko mdogo. Kama hakuna mshtuko, kilikuwa sifuri tangu mwanzo.

Mmeona tatizo? Kusoma kunafuta. Ndiyo maana kila usomaji ulifuatwa papo hapo na kurudisha kilichosomwa. Kwenye PDP-8 ya mwaka 1965, iliyotangulia PDP-11, mzunguko huo wote, kusoma na kurudisha, ulichukua mikrosekunde 1.5. Lakini kilichorudishwa kilidumu: umeme ukikatika usiku, asubuhi yaliyomo bado yamo.

Sasa tazameni njia. Wahandisi wa PDP-11 waliunganisha kichakataji, kumbukumbu, diski na printa kwenye njia moja ya pamoja, Unibus, yenye nyaya 56. Nyaya 18 zilibeba anwani, 16 zilibeba data, na zilizobaki zilikuwa za amri, zamu na tahadhari. Njia hiyo haikuwa na saa ya kuwapigia wote mdundo mmoja. Kichakataji kikitaka neno kutoka kwenye kumbukumbu, kiliweka anwani kwenye nyaya, kikasubiri nanosekunde 150 ili nyaya zitulie, ndipo kikainua ishara iitwayo MSYN: nimeuliza. Kumbukumbu ikatafuta, ikaweka data, ikainua SSYN: nimejibu. Kichakataji kikachukua data na kushusha ishara yake; kumbukumbu ikaona, nayo ikashusha yake. Mwenye kuulizwa alitakiwa ajibu, hakupangiwa kasi ya kujibu. Asipojibu kabisa, kichakataji kilisubiri mikrosekunde chache, kikakata tamaa na kurukia anwani ya 4, ambako programu ya kushughulikia hitilafu iliwekewa mlango.

Busara ya ahadi hiyo ilionekana baadaye. Kumbukumbu za chipu zilipoingia katika miaka ya 1970, zikiwa na tabia tofauti kabisa na vipete, zilichomekwa kwenye njia ile ile na kazi ikaendelea. Walioandika mapatano hawakuahidi mikrosekunde ngapi. Waliahidi utaratibu wa kuulizana na kujibizana, na utaratibu huo haujali aliye upande wa pili ametengenezwa kwa nini.

Hata hivyo, tabia ya vipete ilipenya ndani ya mapatano. Unibus ilikuwa na amri iitwayo DATIP, yaani soma kisha tulia. Iliiambia kumbukumbu: usijisumbue kurudisha ulichosoma, kwa sababu naongeza moja kwenye namba hii na nitaiandika upya sasa hivi. Iliokoa muda kwelikweli. Lakini vipete vilipoondoka, amri ikabaki. Chipu, ambayo haifuti inaposomwa, ililazimika kuitambua amri hiyo na kuichukulia kama usomaji wa kawaida. Jifunzeni hapo: udhaifu wa kifaa cha leo ukiuandika ndani ya ahadi, vifaa vya kesho vitaurithi, hata vile visivyoumwa na udhaifu huo.

PDP-11 haikuwa na amri maalumu za kuzungumza na vifaa. Kilobaiti 8 za juu kabisa za anwani zilitengewa vifaa hivyo. Ukitaka kuchapa herufi kwenye teleprinta ya fundi, uliangalia biti ya 7 katika anwani 177564, kwa hesabu ya msingi wa nane. Ikiwaka, mashine iko tayari, nawe unaandika herufi kwenye anwani 177566. Ulitumia amri ile ile ya kuhamisha namba ndani ya kumbukumbu. Kwa hiyo mtu wa nje aliyebuni kifaa kipya alichagua anwani iliyo wazi, akaheshimu utaratibu wa njia, na kichakataji hakikuguswa. Ahadi fupi huwapa wengine nafasi ya kufanya kazi bila kukuomba ruhusa.

Ila cha pamoja kinataka uaminifu wa kila mmoja. Nyaya 51 kati ya zile 56 zilipita mbele ya vifaa vyote kwa wakati mmoja. Tano zilizobaki zilikuwa za kutoa zamu, na hizo ziliingia kwenye kila kifaa kabla ya kutoka kwenda kwa kinachofuata. Kifaa kisichotaka zamu kilitakiwa kuipitisha. Je, nafasi ya kadi ikiwa tupu? Ilibidi kuchomekwa kikadi kidogo kisicho na kazi nyingine ila kuunganisha njia hiyo ya zamu. Fundi akitoa kadi kwa matengenezo akasahau kuweka kikadi hicho, vifaa vyote vilivyo baada ya pengo viliomba zamu na kamwe visiipate. Diski ni nzima, kebo ni nzima, programu ni nzima, na kazi haiendi. Mkikabidhiwa mfumo uliokwama namna hiyo, msianze kufungua kinacholalamika. Fuateni zamu tangu inakotolewa, mwone imekatikia wapi.

Njia moja kwa wote ilikuja kuwa nyembamba, kwani kila neno la kichakataji na kila neno la diski vilipita humo humo. PDP-11/70 ya mwaka 1975 ikaipa kumbukumbu njia yake yenyewe, na kati yake na kichakataji ikawekwa kache, kumbukumbu ndogo ya haraka ya kilobaiti 2. Unibus ikabaki ya vifaa. Walioandika programu za kawaida hawakulazimika kuziandika upya. Hivyo ndivyo deni hulipwa kwa heshima: ndani umevunja na kujenga, nje neno lako limesimama.

Walikoshindwa ni kwingine. Programu ya PDP-11 ilitaja anwani kwa biti 16, maana yake kilobaiti 64 na basi. Mwaka 1970 kumbukumbu ilikuwa ghali mno, na kilobaiti 64 zilionekana nyingi. Bei ikashuka haraka kuliko walivyokadiria. Mashine zikaongezewa saketi za kutafsiri anwani, kwanza hadi biti 18, kisha kwenye 11/70 hadi biti 22, yaani megabaiti 4. Lakini programu moja haikuweza kuziona zote kwa pamoja. Ilichungulia kupitia madirisha machache ya kilobaiti 8 kila moja. Waandishi wa programu wakawa wanakata kazi zao vipande na kuvipokeza kumbukumbu kwa zamu. Mwaka 1976 Gordon Bell na William Strecker, waliokuwa wahandisi wa kampuni hiyo hiyo, waliandika wazi kwamba katika kuunda kompyuta kosa lililo gumu kuliko yote kulirekebisha ni kuwa na biti chache za anwani. Mwaka uliofuata ikatoka VAX, yenye anwani za biti 32, na hata hiyo ilibeba ndani yake uwezo wa kuendesha programu za PDP-11, na pia kiungo cha kuchomekea vifaa vya Unibus. Deni halikufutwa kwa kujenga nyumba mpya.

Akiba haiozi, mtasema, wangeacha biti nyingi tangu mwanzo. IBM waliacha, na hapo ndipo penye fundisho la pili.

System/360 ilikuwa ukoo wa mashine zenye ahadi moja. Model 30, ndogo, ilisoma kumbukumbu baiti moja kwa mara. Model 40 baiti mbili. Model 50 nne. Model 65 nane. Kwenye Model 30, kazi ya kupokea na kutoa data ilifanywa na saketi zile zile za kichakataji, zikiacha hesabu kwa kitambo. Kwenye Model 65 ilifanywa na makabati ya pembeni yaitwayo chaneli. Programu haikujua tofauti hiyo wala haikuhitaji kuijua. Gene Amdahl, Gerrit Blaauw na Fred Brooks walitenganisha kabisa kile mashine inachoahidi na namna inavyokitimiza, na utenganisho huo ndio ulioiwezesha programu ya zamani kuhamia mashine mpya.

Rejista zao zilikuwa za biti 32, lakini anwani ilitumia biti 24 tu, yaani megabaiti 16. Biti 8 za juu mashine ilizipuuza. Hiyo ilikuwa akiba hasa. Lakini waandishi wa programu, wakibana kila baiti, waliona biti 8 hazina mwenyewe wakaweka humo alama zao. Na si wateja peke yao: amri ya IBM yenyewe ya kuruka kwenda kwenye kijiprogramu na kurudi ilihifadhi taarifa nyingine katika biti hizo hizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilipobidi kupanua anwani, akiba ilikuwa imeshakaliwa. Wakapanua hadi biti 31, na biti moja iliyobaki ikawa alama ya kutofautisha programu mpya na ya kale. Biti 64 zilikuja mwaka 2000. Warithi wa mashine hizo bado wanakubali programu za biti 24.

Basi wanangu, mambo matatu. Mnapoandika mapatano kati ya sehemu na sehemu, yafanyeni mafupi, na muahidi matokeo bila kutaja yaliyo ndani. Mnapotenga nafasi ya baadaye, ilindeni kwa programu: ikiletwa na kitu ndani yake, ikataeni siku hiyo hiyo, kwa sababu nafasi inayopuuzwa hupata wapangaji. Na kila mnapochagua ukubwa wa namba, kokotoeni siku itakayojaa, kisha muiandike siku hiyo pale pale kwenye programu ili atakayewafuata aione.

Hilo la tatu halitaki subira. Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs waliikuza Unix, mfumo wa uendeshaji uliohitaji kuhesabu muda, kwenye PDP-11. Sekunde zikihesabiwa kwa neno moja la biti 16, hazifiki hata siku nzima. Wakatumia maneno mawili, biti 32. Mwanzoni walihesabu sehemu za sitini za sekunde, na hesabu hiyo hujaa ndani ya miaka isiyotimia mitatu. Ikawabidi wabadili, wahesabu sekunde nzima tangu mwanzo wa 1970. Neno la PDP-11 limekwisha, lakini ile namba ya biti 32 ingali kwenye mafaili, kwenye hifadhidata na ndani ya vifaa vilivyofungwa ukutani. Kwa kuwa biti moja ni ya alama ya kujumlisha au kutoa, itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki.

Wengi wenu siku hiyo mtakuwa kazini, tena mkiwa wakubwa wa kazi. Fungueni sasa mifumo mnayoitunza, tafuteni kila mahali panapowekwa muda, mwone una biti ngapi. Penye 32, panueni mkiwa bado na nafasi ya kujaribu na kusahihisha. Hamkulikopa deni hilo nyinyi, lakini tarehe ya kulipa imeangukia zamu yenu.