Usukani Mwepesi

Kabla sijatoa hata shilingi moja, nilikuwa nimeshamaliza wiki tatu nikijiuliza swali ambalo wauzaji hawaulizi: kitu cha bandia kinaweza kusema ukweli? Nilikuwa natafuta usukani. Si wa gari, gari sina. Usukani wa gemu, ule wenye mota ndani, unaosukumana na mikono yako ukikata kona. Nilikuwa nimelipwa Sh41,000 za kazi ya kuandika, pesa iliyocheleweshwa miezi minne, na ilipoingia kwa simu nikaamua hii haiendi kwa rent. Usinihukumu bado. Huko mbele nitakupa sababu nzuri zaidi.

Tuanze na vile usukani wa kweli unavyofanya kazi, kwa sababu usipojua hilo hutajua unauziwa nini. Gari likiwa kwenye mwendo, ukigeuza tairi za mbele, lami inazivuta zinyooke. Mvuto huo unapanda kupitia vyuma hadi kwenye viganja vyako. Kadiri unavyozidi kukata kona ndivyo usukani unavyozidi kuwa mzito, hadi mahali fulani, halafu unaanza kuwa mwepesi. Wepesi huo ndio habari yenyewe. Maana yake tairi za mbele zimeanza kuachia barabara, na mikono inaipata habari hiyo kabla macho hayajaona gari likienda pembeni. Dereva mzuri haogopi usukani mzito. Anaogopa uliolegea bila sababu.

Gemu nzuri inapiga hesabu hiyo mamia ya mara kwa sekunde moja, kisha inaiambia mota isukume kiasi gani. Kazi ni jinsi nguvu ya mota inavyofika mkononi. Logitech G29, iliyotoka 2015 na ambayo ndiyo nilikutana nayo zaidi nikitafuta mtumba hapa Nairobi, inatumia gia. Unasikia meno yakigongana barabara ikiwa mbaya, na nguvu yake ni nyutoni-mita 2 na kidogo. Thrustmaster T300 inatumia mkanda, kwa hivyo ni laini na haina kelele nyingi. Halafu kuna zile ambazo usukani umefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya mota, hakuna gia, hakuna mkanda: Moza R5 ina 5.5, Fanatec CSL DD ina 5, au 8 ukiinunulia pawa sapulai kubwa zaidi. Simucube 2 Pro inafika 25. Ishirini na tano, jameni. Hiyo ukigonga ukuta bila kuachia inaweza kukuumiza kidole gumba kikweli.

Nilizitamani hizo za moja kwa moja vile mtu wa Githurai anavyotamani nyumba Lavington. Lakini meza yangu ni ile ya mbao za vumbi zilizogandishwa, ukiegemea kiwiko inalia. Usukani wenye nguvu hiyo ungeing'oa meza kabla haujanifundisha chochote. Unanunua usukani, na unanunua pia mahali pa kuufungia, na kiti kisichorudi nyuma ukikanyaga breki. Yangu ina magurudumu. Niliyafunga kwa kamba ya katani.

Kilichonisumbua kuliko bei ni kugundua kwamba mitetemo iko ya aina mbili. Kuna inayotoka kwa tairi, kwa ile hesabu. Na kuna inayowekwa tu ili ufurahie: injini inanguruma na usukani unatetemeka, unabadilisha gia na unapigwa kofi dogo, unagonga kibao na mikono inacheza isukuti. Mtu akijaribu kwa mara ya kwanza anasema, "Wueh, hii iko real." Anasema hivyo kwa sababu imemtikisa sana, kumbe kutikiswa huko hakumwambii lolote kuhusu barabara.

Halafu kuna hili. Mota ndogo ikiombwa nguvu kuliko iliyo nayo, inatoa ile ile ya mwisho na kukwama hapo. Kona kali na kona kali zaidi zinahisi sawa. Ule wepesi niliousema, ule wa onyo, unapotelea humo. Na wengi wetu tukiwa na usukani dhaifu tunafanya nini? Tunaweka nguvu asilimia 100, ndiyo uwe wa kiume. Tunapata usukani unaopiga kelele moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Dawa ni kupunguza. Unakubali uwe mwepesi kidogo kwa jumla, nao unaanza tena kutofautisha mambo.

Mwaka 1974 mwanafalsafa Mmarekani, Robert Nozick, aliuliza: kama kungekuwa na mashine inayoweza kukupa hisia yoyote unayotaka, ya kuandika riwaya kuu, ya kupendwa, huku mwili wako umelala ndani ya tangi, ungeingia? Yeye aliona tuna sababu za kukataa, kwa kuwa tunataka kufanya mambo, si kuhisi tu kwamba tumeyafanya. Nilisoma hilo nikiwa hosteli, nikikwepa lecture ya thamodainamiki, na kwa muda mrefu nilidhani linamaliza kesi ya magemu yote. Siku hizi naona halimalizi. Mashine ya Nozick inakupa unachotaka. Usukani mzuri unakunyima. Umeingia kona na spidi ya kijinga, unataka sana gari ligeuke, na mikono yako inaambiwa hapana. Hakuna barabara pale, kuna mota na namba. Lakini hiyo hapana haikubembelezi, na mimi kuna mazungumzo mengi ya watu wa damu na nyama ambayo sijapata hata hiyo.

Sasa zile sababu za kunihukumu.

Mzee wangu aliendesha lori miaka 26, Mombasa hadi Malaba, baadaye hadi Kampala. Nyumbani ni Voi, kwa hivyo tulikuwa tunamwona akipita: analala usiku mmoja, asubuhi hayupo. Karo yangu ilitoka kwenye hizo safari. Miaka miwili iliyopita, karibu na Mariakani, alipita bodaboda bila kumwona. Hakumgonga. Turnboy ndiye aliyemwambia, "Mzee, umemwona huyo?" Hakuwa amemwona. Kesho yake akampelekea tajiri funguo, kabla hata hajaenda hospitali. Kumbe ni glakoma. Ugonjwa huo unakula pembeni kwanza, polepole, na bila maumivu, kwa hivyo mtu anaweza kukaa nao miaka akidhani anaona vizuri. Sasa anaona kama anayechungulia ndani ya bomba.

Mimi nilikuwa mwaka wa tatu, uhandisi wa mitambo. Niliacha. Karo ilikuwa nusu ya sababu, na nusu hiyo ndiyo ninayopenda kuisema. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimeshaacha kuhudhuria kabla pesa hazijaisha. Sikumwambia. Miezi 14 akipiga simu na kuuliza, "Masomo?" nilikuwa najibu, "Yanaendelea, Baba." Wakati mwingine naongeza mbwembwe, mwalimu fulani ni mkali, CAT ilikuwa ngumu. Nilikuwa naweka mitetemo.

Basi unaelewa kwa nini sikuwa na uhakika na huo usukani. Mtu ameiacha barabara kwa hiari, kwa ajili ya bodaboda asiyemjua, nami nimwekee barabara ya uongo mbele ya uso? Angeweza kuona namdhihaki. Na nani anampa? Mimi.

Nikanunua G29 ya mtumba kwa Sh27,000, kutoka kwa kijana wa Roysambu aliyekuwa anauza kila kitu kabla ya kusafiri kwenda Doha kuendesha forklift. Alikuwa ameshauza kitanda. Usukani aliuacha mwisho.

Mzee akaja Nairobi kwa kliniki ya macho, akalala kwangu siku mbili. Jioni ya kwanza aliutazama ule usukani pale mezani, akaugusa na kidole kimoja. "Hiki kidoli ni cha nani?" Nikamwambia ni changu, cha kazi na starehe. Akacheka. Nikawasha Euro Truck Simulator 2, gemu ya malori ambayo iko tangu 2012, nikamvutia kiti karibu kabisa na skrini ili picha iingie kwenye lile bomba lake. Aliposhika, mikono ilikaa yenyewe mahali pake.

Dakika moja haikuisha. "Hawa watu wamelewa? Mbona wote wako upande wangu?" Nilikuwa nimemwanzisha Ujerumani, ambako wanaendesha upande wa kulia. Nikamhamishia Uingereza. Akatulia. Kisha akakunja uso, akainamisha kichwa kama anayesikiliza kitu jikoni.

"Hili lori ni gonjwa."

"Gonjwa vipi, Baba?"

"Injini iko huko chini, kwa nini inatikisa usukani hivi? Mauntini zimekufa. Likipita kwa tuta unaangusha sanduku la gia barabarani."

Nikasimamisha gemu, nikaingia kwenye seti, nikazima mitetemo yote ya mapambo. Nikashusha na nguvu pia. Nikamrudishia. Akaenda mita mia mbili tatu, akatikisa kichwa. "Sasa limepona." Mimi nilikuwa nimesoma wiki tatu kujua hivyo.

Aliendesha London hadi Dover, saa ya gemu ikiwa usiku. Kwenye mteremko aliomba nimwonyeshe gia za kushusha ziko wapi, hakutaka kukanyaga breki. Akaniambia miaka yote hiyo hakuwahi kuteremka Salgaa gia ikiwa imetolewa, na wenzake waliokuwa wakiachia lori litereze ili wabakize dizeli ya kuuza, yeye aliwazika. Hakulisema kwa majivuno. Alikuwa anaangalia barabara. Hata sijui kama ilikuwa barabara hiyo ya kwenye skrini.

Halafu, bila kugeuka: "Na shule?"

"Yanaendele..."

"Kila nikikuuliza unajibu haraka," akasema. "Kitu kinachoenda vizuri mtu huwa anakifikiria kwanza."

Feni ya kompyuta ilikuwa inalia. Jirani alikuwa anakaanga vitunguu. Nikamwambia. Nilianza na karo, kisha nikajisikia, nikarudi nyuma na kumwambia ile nusu nyingine pia, kwamba nilikuwa nimeacha kuingia darasani nikiwa bado nalipiwa, kwa pesa za safari za mwishomwisho, zile ambazo alikuwa anaendesha huku haoni pembeni. Nilimwambia miezi ni 14.

Hakusema kitu. Tulikuwa tumefika Dover na gemu ilikuwa inamwonyesha mahali pa kuegesha trela, kisanduku kidogo kati ya magari mawili.

"Ngoja nipaki kwanza," akasema.

Kwa mtu mwenye macho yake, ile kazi ni ngumu. Yeye kila kioo ilibidi ageuze kichwa chote, kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena, kwa sababu pembeni hana. Alirudi nyuma, akaona limeenda vibaya, akatoka mbele, akaanza upya. Kulikuwa na kitufe cha kuruka hiyo sehemu na sikumwonyesha. Ilimchukua dakika 11. Trela ilipoingia akavuta breki ya mkono, akaniuliza injini inazimwa wapi, akaizima, na bado hakuachia usukani.