Nani Aliyepiga Kwanza

Filamu za wageni kutoka sayari nyingine hazizeeki, kwa kuwa anayepimwa ndani yake ni mwenyeji. Katika The Day the Earth Stood Still ya mwaka 1951, mgeni Klaatu anatua Washington, ananyoosha mkono wenye kifaa kidogo, na askari mmoja aliyeshikwa na woga anamfyatulia risasi. Kifaa kinaharibika, kumbe kilikuwa zawadi kwa rais. Ukiitazama ukiwa Kolwezi, nchini Kongo, tukio hilo linapinduka. Huku Katanga mgeni ndiye aliyepiga: Desemba 1891, pale Bunkeya, msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji ulimtaka Msiri, mtawala wa Katanga, akubali bendera ya mfalme huyo, akakataa, akauawa kwa risasi. Sifa ya shaba ya nchi hii ilikuwa imeshawafikia wageni hao. H. G. Wells, ambaye riwaya yake ya 1898 ilizaa filamu ya The War of the Worlds ya 1953, hakuficha jambo hili la mgeni kupiga kwanza: kabla ya kuwalaumu wavamizi wa Mirihi, aliwakumbusha Waingereza wenzake waliyowatendea watu wa Tasmania. Wengi huruka ukurasa huo wakikimbilia vita.