Ilimu ni Amana: Je, Mtaalamu Ana Haki ya Kuificha?

Twapenda kuwaletea ndugu zetu wasomaji suala lililozuka katika darasa letu hapa Dandora. Kijana mmoja anayesoma chuo kikuu aliuliza: mtaalamu akipima jambo akalijua, na jambo lenyewe lagusa uhai wa watu, je, yamjuzia kulinyamazia mpaka jarida la wataalamu wenzake lilichapishe, hata ukipita mwaka mzima? Au yampasa alitangaze mara moja, wenzake walijadili hadharani na watu walisikie? Mzee mmoja akamjibu papo hapo kwamba kutangaza lisilokwisha kuhakikishwa ni kuzua fitina. Kila mmoja alikuwa na hoja, wala si haki kumwacha yeyote kati yao bila ya kumsikiliza.

Suala hili kwetu si la mafumbo. Sisi twakaa ubavuni mwa jaa ambalo limepokea taka za mji wa Nairobi tangu miaka ya 1970. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake makuu yako Gigiri katika mji huu huu, lilitoa taarifa ya uchunguzi uliofanywa kwa kushirikiana na Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana la Korogocho. Mwandishi wake ni Njoroge Kimani. Walipimwa watoto na vijana 328 waishio karibu na jaa, na nusu yao wakakutwa na madini ya risasi damuni kupita kiwango kilichokubaliwa siku zile, nacho ni mikrogramu 10 katika desilita moja ya damu. Udongo nao ulipimwa, na asilimia 42 ya vipimo ikaonyesha risasi karibu mara 10 ya ile ya udongo usiochafuliwa. Madini hayo humwingia mtoto kwa vumbi, kwa moshi, na kwa kidole anachokitia kinywani. Huudhuru ubongo unaokua, humpunguzia fahamu na utulivu wa kusoma, na madhara yake kwa kawaida hayaondoki tena.

Sasa tuulize: ilimu iliyotoka katika damu ile ni mali ya nani? Mtoto ndiye aliyenyosha mkono akachomwa sindano. Mtaalamu ana haki ya jina lake na ya ujira wa kazi yake, na hapana amnyimaye. Lakini ilimu yenyewe ni amana mkononi mwake, na amana haiwi mali ya aliyeichukua hata akikaa nayo muda mrefu. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 159, amewaonya vikali wanaoficha ubainifu, na Hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi yamtishia kwa moto aliyeulizwa ilimu akaificha.

Atasema msemaji: aya ile yahusu uwongofu wa dini, haihusu vipimo vya damu. Twajibu: ni kweli, huko ndiko ilikokusudiwa kwanza. Lakini mafakihi wametufundisha pia kwamba mwenye kusali akimwona kipofu akielekea kutumbukia kisimani, na hapana njia ya kumwonya ila kusema, basi na aivunje sala yake amwonye. Ikiwa sala, iliyo nguzo ya dini, husimamishwa kwa ajili ya kipofu mmoja, vipi foleni ya jarida isisimamishwe kwa ajili ya watoto wa mtaa mzima?

Hata hivyo, yule mzee hakukosea katika asili ya maneno yake. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na Sura ya An-Nisaa, aya ya 83, yawalaumu wanaotangaza kila habari ya amani au ya khofu bila ya kuirejesha kwa wajuzi. Tuliyaona haya mwaka 2020 wakati wa maradhi ya korona, dawa za uwongo zilipoenea kasi kuliko maradhi yenyewe.

Kosa la mzee ni kudhani kwamba kungojea ndiko kuhakikisha. Mnamo Mei 2020 jarida mashuhuri la The Lancet lilichapisha uchunguzi juu ya dawa ya hydroxychloroquine, ukisemekana umetegemea habari za maelfu ya wagonjwa ulimwenguni. Ulikuwa umekwisha pita mikononi mwa wakaguzi wa jarida. Wataalamu wengi wakaandika barua ya wazi wakiuliza: hesabu hizi zimetoka hospitali zipi? Jibu la kutosha halikupatikana, na mwanzoni mwa Juni uchunguzi ule ukaondolewa. Mlango uliofungwa haukulizuia kosa. Lilifichuliwa na mjadala wa hadharani.

Wala jambo hili si geni kwetu. Wapokezi wa Hadithi hawakukubali neno mpaka waseme nimelisikia kwa fulani, naye kwa fulani. Walipomwona mpokezi ni dhaifu walimtaja kwa jina lake, wala hawakuhesabu kuwa ni kusengenya, bali ni kuilinda dini. Basi mtaalamu na atangaze kwa sharti zizo hizo: aseme amejuaje, aonyeshe vipimo vyake, akiri asilolijua, na akisahihishwa arejee mbele ya wale wale aliowaambia mwanzo. Asiyetimiza hayo ndiye mzushi. Aliyeyatimiza amehakikisha na kutangaza kwa pamoja.

Tazameni faida yake. Kipimo kile cha mikrogramu 10 hakikudumu. Marekani ilikishusha hadi 5 mwaka 2012, kisha 3.5 mwaka 2021, na Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi damuni kinachojulikana kuwa ni salama. Kwa kuwa taarifa ya Dandora ilitolewa hadharani, leo twaweza kuisoma upya na kufahamu kwamba ile nusu ya pili, tuliyodhani imesalimika, haikuwa na dhamana yoyote. Lau ingalifungiwa kabatini, tungalilala na matumaini yasiyo na msingi.

Lakini kushirikiana wataalamu peke yao hakutoshi. Taarifa ile iliandikwa kwa Kiingereza, na mama achambuaye taka hakuisoma. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, kule Mombasa, aliwaandikia watu kwa Kiswahili kwa sababu ilimu isiyofahamika na mwenye haja nayo ni kama iliyofichwa. Na ilimu ikimfikia mwenyewe hufanya kazi. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na risasi ya kiwanda, walisimama mahakamani pamoja na Bi Phyllis Omido, na vipimo vya damu vikawa miongoni mwa hoja zao. Mwaka 2020 waliamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na mwaka 2024, baada ya hukumu ile kutenguliwa katika rufani, Mahakama ya Juu iliirejesha.

Huenda mtu akasema: mbona ya Dandora yalijulikana 2007, na malori yakaendelea kuja? Hapa ndipo penye aibu yetu. Mtaalamu akisema, dhima humtoka yeye, ikawaangukia waliosikia: wenye mamlaka kwanza, kisha sisi. Kanisa lilishiriki katika kuwapima watoto wa mtaa. Sisi Waislamu tulikuwa tukibishana juu ya nini? Tusiwalaumu wanaoficha ilimu ilhali iliyofichuliwa hatukuitazama.

Kwa hivyo darasa letu limeazimia kuifasiri taarifa ile kwa Kiswahili chepesi na kuisoma mbele ya wazazi, wawe Waislamu au si Waislamu, kwani vumbi halichagui dini. Atakayeona kosa katika fasiri yetu na atusahihishe hadharani, tutamshukuru.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.