Toa Kamera Kwenye Oto

Mdogo wangu unayepiga picha Kariakoo, acha kumwambia mteja kwamba fremu yake ya duka ina giza. Mwanga upo. Shida ni kwamba umeiachia kamera iamue kila kitu, na kazi hiyo unaweza kuishika mwenyewe leo hii.

Ingia dukani Mtaa wa Kongo. Dada anayeuza kasimama mbele ya magauni meupe ya harusi, juu yake tyubulaiti mbili. Kamera haijui gauni wala mtu. Hupima mwanga ikidhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Ikikutana na weupe mwingi, inabana mwanga. Magauni yanafubaa, uso wa dada unazama kwenye weusi. Usikubali! Ngozi zetu zina mng'ao, zina wekundu, zina kahawia za kila namna, na kazi yako ni kuzionyesha zote. Toa kamera kwenye Oto, weka P, bonyeza kitufe cha +/-, panda hadi +1, piga, kisha tazama grafu ya mwanga. Ikiwa imejikusanya ukingoni kulia, weupe umeungua. Shuka kidogo, piga tena.

Ukishauzoea mchezo huo, nenda kwenye M, ambako unapanga kila kitu mwenyewe. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo tyubulaiti hupanda na kufifia mara 100 kila sekunde. Shata ya 1/500 itakuletea michirizi na rangi za ajabu. Weka 1/100. Bado giza? Pandisha ISO hadi 1600, hata 3200, bila woga. Chenga zinazoletwa na ISO kubwa husafishika kwenye kompyuta. Picha iliyotikisika haina dawa. Na ukipata hela, usikimbilie kubadili kamera: tafuta lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8. Inapitisha mwanga karibu mara kumi ya ile ya kawaida inayoishia f/5.6.

Hii si anasa ya mafundi. Mnunuzi wa Mbeya au Lubumbashi anaagiza mzigo kwa kutazama picha kwenye simu, na rangi ya kitenge ikidanganya, anayegombezwa ni muuzaji. Basi kesho asubuhi, kabla wateja hawajajaa, muombe jirani yako mwenye duka asimame mbele ya kamera yako dakika kumi. Piga kwa ISO 800, halafu 1600, halafu 3200. Mpe achague mwenyewe ile atakayoirusha kwa wateja wake.