Ufunguo wa Chuo

Mkutano ulikuwa wa kuzungumzia vijana, baada ya Isha, kwenye msikiti mmoja wa mtaani hapa Mombasa. Wazee walikaa mbele karibu na mihrabu, mashekhe wakiwa kati yao, na sisi wa makamo tukajipanga ubavuni. Vijana waliokuja, kama kumi na wawili hivi, walikaa safu ya mwisho kabisa, mlangoni, pale panapovuliwa viatu. Tulizungumza saa nzima na ushei. Tukasema wameacha kusoma, wanashinda maskani, simu zimewatoa akili, hawana shabaha. Yote yalisemwa kwa huruma. Sikumsikia hata mmoja aliyewatukana. Lakini hakuna aliyegeuka nyuma kuwauliza neno.

Katikati ya mazungumzo kipaza sauti kikakatika. Imamu akaita, na kijana mmoja mwembamba akapita baina ya mabega ya wazee, mgongo ameuinamisha kwa adabu. Akapiga magoti, akaufuata waya kwa vidole mpaka akafika penye kasoro, akachomoa plagi, akaifuta kwa upindo wa kanzu yake, akairudisha. "Moja mbili, moja mbili." Sauti ikarudi. Akainuka, akarudi zake penye viatu, na mzungumzaji akaendelea pale alipoachia: vijana wetu hawajiamini.

Usiku ule usingizi ulichelewa kunichukua. Neno hilo, kujiamini, lilinikaa kichwani. Tumezoea kulitumia kwa maana ya kutoogopa watu, kusimama jukwaani na kusema bila kutetemeka. Lakini lisikilize vizuri. Ni kuamini kunakomrudia mwenyewe aaminiye. Na jamaa zake ni akina nani? Imani, amana, amani, mwaminifu. Ukoo mmoja, uliotoka kwenye Kiarabu ukajenga kwetu. Amana ni kitu cha mtu nilichopewa nikitunze. Mwaminifu ni yule aliyepewa akatunza. Sasa, mtu ambaye hajapata kukabidhiwa kitu na yeyote atajuaje kama yeye ni mwaminifu? Atajiaminije kwa jambo ambalo hakuna aliyemjaribu nalo?

Ndipo nilipoona kwamba tumeanza mwisho. Tunamtaka kijana ajiamini kwanza, kisha ndipo tumwamini. Semina nyingi za vijana nilizohudhuria zimejengwa juu ya mpango huo: msemaji anapaza sauti, "Unaweza!", ukumbi unaitikia, watu wanapiga takbiri, chakula kinagawiwa, na kila mmoja anarudi nyumbani kwao ambako haaminiwi hata na pesa ya kununulia mkate. Sizidharau semina hizo, nimeona watu wazuri wakizitolea jasho. Ila neno peke yake halimshiki mtu. Kinachomshika ni kile alichokabidhiwa.

Katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim kuna kisa cha Abdullahi bin Umar. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwauliza waliokuwa barazani pake juu ya mti mmoja usiopukutisha majani, unaofanana na Muislamu. Watu wakawaza miti ya nyikani. Abdullahi alikuwa mdogo kuliko wote pale, na moyoni mwake alishajua kwamba ni mtende. Akanyamaza, kwa sababu Abubakar na baba yake mwenyewe walikuwa wamekaa pale na hawakusema kitu. Mtume akaja akatoa jibu, nalo lilikuwa lile lile la mtoto. Walipoondoka akamweleza baba yake kilichokuwa moyoni mwake. Umar hakumwambia kwamba alifanya adabu kunyamaza mbele ya wakubwa. Alimwambia kwamba lau angelisema, jambo hilo lingekuwa na thamani kwake kuliko mali kadha wa kadha.

Nimekisikia kisa hiki mara nyingi kikitolewa kama fumbo zuri la mtende. Mimi hunisimamisha yule mtoto. Jibu alikuwa nalo. Hakupungukiwa na elimu, wala imani haikuwa haba. Kilichomzuia ni mpangilio wa baraza machoni mwake, namna alivyojiona mdogo mbele ya watu wakubwa aliowapenda. Je, pale mlangoni penye viatu, miongoni mwa wale kumi na wawili, ni wangapi walikuwa na mtende moyoni? Na Umar wetu alikuwa nani, wa kumwambia kijana wakiwa njiani kurudi nyumbani kwamba ningefurahi sana kama ungesema?

Anayetaka kujua Uislamu uliwafanyia nini vijana wake wa mwanzo amtazame Zaid bin Thabit. Baada ya vita vya Yamama, ambamo wasomaji wengi wa Qur'ani waliuawa, Abubakar alimwita Zaid, kijana wa miaka ishirini na kidogo, akamtaka aikusanye Qur'ani yote. Wakubwa walikuwapo, watu wa Badri walikuwapo. Sababu alizompa zimehifadhiwa: wewe ni kijana, una akili, hatuna shaka nawe, na ulikuwa ukimwandikia Mtume wahyi. Ujana ulitajwa wa kwanza katika sifa zake. Zaid alihisi kwamba lau angeambiwa auhamishe mlima, lingekuwa jepesi kuliko hilo. Basi hakuanza na kujiamini. Alianza na woga, akiwa na amana nzito mkononi, akatoka kuifuatilia aya kwa aya kwenye makuti ya mitende, kwenye mawe na kwenye vifua vya watu. Msahafu ulioko rafuni kwako umepitia mikononi mwa kijana huyo.

Na kuna Amr bin Salama, mtoto wa miaka sita au saba, aliyesalisha watu wa kabila lake kwa sababu hakuna aliyehifadhi zaidi yake. Kabla ya kusilimu kwao alikuwa akiwasikiliza wasafiri waliopita, akizishika aya walizozisoma. Akisujudu, nguo yake fupi ilikuwa ikipanda na kumwacha wazi, mpaka mwanamke mmoja akalalamika kwamba msitirini msomaji wenu. Watu wakanunua kitambaa wakamkatia kanzu. Amr alisimulia ukubwani kwamba hakupata kufurahia kitu kama alivyoifurahia kanzu ile. Mimi naipenda kanzu hiyo kuliko hotuba nyingi. Mtoto alikuwa na kasoro mbele za watu, na hawakumwondoa kwenye mihrabu. Walimsitiri, akabaki imamu wao.

Kwetu, pengo la kuaminiwa huwa halikai tupu. Muuza unga wa kulevya wa mtaani anajua kuamini. Anamwita kijana kwa jina, anampa kifurushi, anamwambia, "Nakutegemea wewe tu." Anampa simu, anampa saa ya kufika, anampongeza akirudi. Wale wanaowavusha vijana mpaka kwenda kufa Somalia nao wanaanza hivyo hivyo: wewe unahitajika, umma unakungoja. Ni uongo na ni dhulma, na wazazi waliopoteza watoto wasio na kaburi wanaujua uchungu wake. Lakini kijana aliyekaa miaka ishirini bila kuambiwa kwamba anahitajika, neno hilo likimfikia mara ya kwanza, hana cha kulipimia.

Serikali nayo ina sehemu yake. Kwa miaka mingi, vijana wengi wa Kiislamu nchini Kenya, hasa wa jamii za mpakani, walipitishwa mbele ya kamati za kuwapiga msasa kabla ya kupewa kitambulisho, wakaulizwa babu yao ni nani na wakatakiwa nyaraka ambazo jirani zao hawakuulizwa. Mwaka 2025 Rais alitangaza kuufuta utaratibu huo. Ni jambo jema. Lakini aliyeanza utu uzima kwa kuthibitisha kwamba yeye si mgeni kwao hawezi kutarajiwa asahau kwa siku moja.

Na mabinti? Kwenye mkutano ule hawakuwapo kabisa. Hakuna aliyewakataza, na hakuna aliyewaita. Huku ni kujinyima wenyewe, maana Mombasa hii hii imeshaonyesha kinachotokea mabinti wakiaminiwa. Miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu wa hapa waliona watoto wao wanaingia shule za msingi wakiwa nyuma ya wenzao, wakaomba msaada kwa Aga Khan, na kazi ikashikwa na mwalimu wa hapa hapa, Bi Swafiya Said. Shule ya kwanza ya malezi ya awali iliyofungamana na madrasa ilianza Liwatoni mwaka 1986. Walimu walitoka mitaani penyewe, wengi wao mabinti waliomaliza shule na kukaa nyumbani bila kazi wala matumaini ya kwenda mbele. Wakafundishwa, wakakabidhiwa watoto wa jirani zao. Wakatengeneza vifaa kwa vifuu, makuti, mbegu na vitambaa. Mpango ukavuka kwenda Zanzibar, kisha Uganda. Binti aliyekuwa akiitwa "yupo tu" akawa anaamkiwa njiani, "Shikamoo, mwalimu." Kujiamini kwake kulikuja na jina hilo, na jina lilikuja na kazi.

Vijana wakikaa nami huniuliza kuhusu maana. Husema: najua nimeumbwa nimwabudu Mungu, nimefundishwa hivyo tangu chuo cha Qur'ani, lakini sijui nifanye nini na maisha yangu. Zamani nilikuwa nikiwajibu kwa kuwaeleza upana wa ibada. Siku hizi nawarudisha kwenye udhu. Sisi watu wa pwani, kwa madhehebu ya Imamu Shafii, tulifundishwa kwamba nia ya udhu inaambatana na maji ya kwanza yanayogusa uso. Ukinuia ukiwa kitandani kisha ukaipoteza kabla ya kufika kwenye maji, haijatimia. Nia na maji vinakutana usoni. Nimekuja kuamini kwamba na shabaha ya maisha ni vivyo hivyo. Kijana hukaa barazani akingoja kwanza aijue shabaha yake ndipo aanze kazi, na miaka inapita. Ashike kazi iliyo mbele yake, hata ya kufagia, anuie ndani yake. Maana itakuja na maji.

Lakini ili ashike kazi lazima kuwe na wa kumpa. Hapa naomba niseme langu.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Nyumbani nilijulikana kwa uvivu, na shuleni nilikuwa wa kukaa nyuma. Maalim wetu wa chuo, Mungu amrehemu, aliniita Ijumaa moja baada ya Alasiri, akanipa ufunguo. Ulikuwa wa chuma, mrefu, umefungwa kwa kipande cha ukili. "Kuanzia kesho utafungua wewe. Ufagie, utandike mikeka, uwaanzishe wadogo alifu mpaka nije." Hakuniuliza kama naweza. Nililala ufunguo ukiwa chini ya mto, nikiushika kila nilipogeuka.

Kwa wiki kadhaa nilifungua kabla jua halijapanda. Niliwapanga wadogo kwa vimo, nikawafuta kamasi, nikawaonyesha herufi kwa kijiti. Nikagundua kwamba sauti yangu, ambayo darasani haikutoka, pale ilitoka. Kisha ikaja asubuhi ya mvua ya masika. Nililala. Nilipoamka kulikuwa kweupe, nikakimbia tumbo wazi, shati mkononi. Watoto walikuwa wamejibanza chini ya upenu, na maalim amesimama nao, juzuu amezikumbatia ndani ya kikoi chake zisilowe.

Nilimnyooshea ufunguo kwa mikono miwili. "Maalim, nimekosa. Shika ufunguo wako."

Akanitazama. "Fungua," akasema, "watoto wanaroa."

Nikafungua. Hakunipokonya, wala hakulitaja tena jambo hilo mpaka alipofariki. Na mimi sikuchelewa tena, si kwa sababu nilimwogopa. Nilikuwa nimeonekana nilipokosa, na bado nikaachiwa mlango.

Nalisimulia hili kwa ajili ya wazee wenzangu wanaosema kwamba vijana wa leo hawaaminiki. Wakati mwingine ni kweli. Watachelewa, watapoteza, wataharibu hesabu ya sadaka, wataweka picha isiyofaa kwenye ukurasa wa msikiti. Hata Usama bin Zaid, alipopewa jeshi akiwa kijana wa karibu miaka kumi na minane, wapo waliolalamika, na Mtume mwenyewe ndiye aliyemtetea. Kumwamini mtu kuna hasara ndani yake, na anayetaka kuamini bila hasara anataka mtumishi. Maalim wangu alilipa hasara yake kwa kusimama kwenye mvua.

Yule kijana wa waya nimemtafuta. Anasomea umeme, na kwa miaka mitatu ndiye anayetengeneza vipaza sauti vya msikiti ule bila malipo. Nilipomuuliza kama ana lolote la kusema juu ya vijana, alifikiri kidogo, akaniambia: "Lipo, mzee wangu, lakini sijui kama ni mahali pangu."

Mkutano wa pili ni Jumamosi ijayo baada ya Isha. Nimepangiwa dakika kumi na tano. Nimekwisha kumwomba imamu, naye amekubali, dakika hizo azichukue kijana huyo, na akae mbele.